Ndege Niliyoichagua kwa Macho

Kwa muda mrefu nimewaambia watu kwamba ndege yetu ya kwanza ya rimoti iliangushwa na upepo wa Kakuma. Wengine niliwaambia kwamba kijana aliyeirusha aliirusha vibaya. Yote mawili si kweli. Ndege ile niliiangusha mimi, na kazi ya kuiangusha niliianza nikiwa bado Lodwar, kabla hata sijailipia.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Wanafunzi wa chama chetu cha sayansi walitaka ndege ya kujifunzia, na wazazi wao wakachanga. Anayeijua Lodwar anajua mchango kama huo unatoka wapi: mbuzi aliyeuzwa kabla ya wakati wake, vikapu vya makuti ya mkoche vilivyosukwa usiku, deni dukani lililosogezwa mbele. Pesa zikawekwa mikononi mwangu kwa kuwa mimi ndiye niliyeonekana kujua. Kweli, nilijua kuchora bawa ubaoni na mishale ya kani juu yake. Ndege ya rimoti yenyewe sikuwa nimewahi kuishika.

Aliyejua alikuwa Kakuma. Ni kijana aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya huko, wazazi wake walitoka Kongo. Utotoni alikata vindege kwa madebe ya mafuta ya msaada. Alipokua akajipatia mota ndogo na sevo kuukuu za kuongozea ndege, akaanza kutengeneza ndege zinazoruka kwa lile povu jeupe gumu linalozunguka runinga mpya ndani ya katoni. Nilimpigia simu kumwomba ushauri. Akanijibu kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kuzika ndege nyingi: "Mwalimu, tafuta yenye bawa juu ya mgongo. Liwe refu, nene, limepinda kidogo kwenda juu kila upande. Mota ikiwa nyuma ya bawa ni bora zaidi, maana pua ndiyo itakayogonga chini. Na iwe nyepesi. Usiangalie uzuri."

Nikamwambia, "Sawa, mdogo wangu." Kisha nikaagiza Spitfire.

Spitfire ni ile ndege ya kivita ya Waingereza iliyobuniwa na R. J. Mitchell, ikaruka mara ya kwanza Machi 1936. Bawa lake ni la duaradufu, na sijui kama kuna bawa zuri kulishinda. Nilipoiona kwenye simu nilijiona nimesimama uwanjani mbele ya wazazi nikiwa nimeishika. Zile ndege za wanaoanza zilionekana kwangu kuwa vitu vya watoto, na niliona haya kwenda kuwaonyesha watu waliouza mbuzi kitu chenye sura ya povu lililoangikwa mota. Niliogopa waseme, "Hii ndiyo ndege?" Hofu hiyo ndiyo iliyonunua. Mafunzo ya watoto hayakuwemo katika hesabu yangu hata kidogo, ingawa mdomo wangu haukuacha kuyataja.

Ndege ya mwanafunzi imeundwa imsamehe. Bawa likiwa juu, uzito unaning'inia chini yake; likiwa limepinda kwenda juu pande zote mbili, upande unaoinama hubebwa zaidi na ndege hujirudisha sawa yenyewe. Ukichanganyikiwa, unaachia vijiti vya rimoti na yenyewe inanyooka. Ndiyo maana EasyStar ya Multiplex, ya Wajerumani, imewafundisha watu wengi sana, na kule Ohio, Marekani, Flite Test wanatoa bure michoro ya ndege za aina hiyo ili mtu akate mwenyewe kwa wembe na gundi ya moto. Spitfire ya rimoti haina huruma hiyo. Ukiilaza inabaki imelala mpaka uiinue. Ukiipunguzia mwendo, ncha ya bawa moja huacha kubeba kabla ya nyingine, nayo hupinduka. Yetu ilikuwa na uzito wa karibu kilo moja na nusu juu ya bawa la mita moja na ushee, kwa hiyo ilidai mwendo mkali ili ikae hewani, na mwendo mkali humnyima anayejifunza muda wa kufikiri.

Tena kuna jambo ambalo mwalimu wa fizikia hana udhuru wa kulisahau. Lodwar iko mita mia tano na kidogo juu ya usawa wa bahari, na alasiri joto hufika nyuzi 37. Hewa ya namna hiyo ni nyepesi kwa asilimia 12 au 13 kuliko ile hewa ya vitabuni, ya ufukweni penye nyuzi 15. Bawa linalobeba vizuri Ulaya, hapa lazima likimbie zaidi ndipo libebe uzito uleule. Sheria za gesi nazifundisha kidato cha tatu kila mwaka. Sikuzitumia.

Upepo nao si siri. Kinuthia na Asnani waliandika tangu 1982 kuhusu mkondo wa upepo mkali unaopita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ukielekea kaskazini magharibi, na ng'ambo ya Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani, upepo huohuo sasa unazungusha mitambo 365 ya umeme. Mtu anayeishi Turkana hawezi kusema upepo ulimshtukiza.

Kijana hakuweza kuja Lodwar bila kibali cha kutoka kambini, kwa hiyo mimi na wanafunzi wachache tukapanda matatu kwenda Kakuma, kilomita kama 120 kwa barabara ya Lokichoggio. Nikiri na hili pia: Kakuma ina kiwanja ambacho ndege za misaada hutua, na tangu 2020 kuna kanuni za vyombo visivyo na rubani zinazotaka idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege kabla ya kurusha chochote karibu na kiwanja. Sikuomba idhini. Nilifikiri ni mchezo tu wa watoto.

Kijana aliipokea ndege kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu, asiseme neno kuhusu aina yake. Akaigeuza tumbo juu, akaiwekea ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kama robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, akainua. Mkia ukashuka. Akarudia polepole. Ukashuka tena.

"Mwalimu, mkia mzito. Betri isogee mbele."

Betri haikuweza kusogea mbele bila kuchonga povu kidogo ndani ya pua. Kijana akatoa wembe mfukoni. Nami nikauzuia mkono wake, kwa sababu sikutaka wembe uiguse ndege ile. Nikamwambia, mbele ya wanafunzi wangu na watoto wa kambini waliokwisha kutuzunguka, kwamba waliotengeneza wanajua zaidi. Akaurudisha wembe mfukoni.

Tumezoea kuwaambia watoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile mkuu ndiye aliyekataa kusikia.

Aliirusha kwa mkono, nami nikiwa na rimoti. Pua ikainuka mara moja, kama inavyotokea mkia ukiwa mzito, mwendo ukapungua, bawa la kushoto likaanguka. Nilivuta kijiti kuinua pua, na kwa kufanya hivyo nikaumaliza mwendo mdogo uliobaki. Ndege ikageuka ikawa inatuelekea sisi, na hapo mikono yangu ikapotea kabisa, maana ndege ikikujia, kushoto kwake ni kulia kwako. Baadaye kijana alinifundisha njia: ikikujia, sukuma kijiti upande ule ambao bawa limeinama, kana kwamba unaliegemeza lisianguke. Wakati ule sikujua. Ilipita karibu na vichwa vya watoto wawili, ikaingia ardhini ukingoni mwa laga, yaani mto mkavu wa mchanga, kando ya kichaka cha mathenge. Bawa la duaradufu lilikatika katikati.

Watoto walinitazama mimi. Nikamgeukia yule kijana nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "Hukuirusha vizuri."

Hakujibu. Aliokota vipande.

Tuliporudi Lodwar wazazi waliuliza, nikawaambia aliyeirusha alikosea, na upepo ulikuwa mkali. Walitaka kujua ni nani. Nikasema ni kijana wa kambini. Mwanzoni sikuona uzito wa neno hilo, au nilijifanya sikuuona. Kambi ya Kakuma ipo tangu 1992, na kati ya wenyeji na wakimbizi kuna maneno ya miaka yote hiyo kuhusu kuni, maji, kazi na nani anapata nini. Mimi niliongeza langu. Wiki chache baadaye nilisikia sokoni kwamba mkimbizi amevunja ndege ya watoto wetu, na aliyesema hakuwa hata mzazi wa shule yetu. Nilinunua nyanya zangu nikaondoka. Pale ndipo pangekuwa mahali pa kusema ukweli, na sikusema. Huko Kakuma nako, vijana wadogo aliokuwa akiwafundisha kukata mabawa wakapungua, maana mwalimu kutoka Lodwar alikuwa amesema hajui kurusha.

Kuhusu ndege ningeweza kusema sikujua, ingawa hata hapo niliambiwa. Kuhusu kijana huyu nilijua kila kitu. Nilikuwa nimeona mkia ukishuka mara mbili.

Nilichelewa sana kuwaeleza wazazi. Nilipowaeleza, kwenye mkutano wa shule, mama mmoja aliuliza swali moja tu: kama yule kijana nimeshamwambia. Sikuwa nimemwambia. Nikaenda Kakuma. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akataka kuona mota na betri kama vimebaki. Mota ilikuwa nzima. Betri niliitunza ikiwa imejaa chaji ndani ya chumba cha mabati, nayo ilikuwa imevimba; akaibonyeza kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akaiweka kando mbali na nyumba. Mota ile sasa iko kwenye ndege aliyoichora yeye, bawa juu ya mgongo, mota nyuma, na wanafunzi wangu wanajifunzia hiyo, mbali na kiwanja na kwa barua ya ruhusa. Pesa za wazazi nazirudisha kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wangu.

Wale watoto waliokuwepo lagani sijaweza kuwapata wote. Wengine wamehamia Kalobeyei, wengine familia zao zimepelekwa Kanada na Australia, na waliondoka na maneno yangu. Ikiwa mmoja wao anasoma hapa, ajue kwamba kijana yule aliirusha sawasawa: bawa likiwa bapa, pua ikiutazama upepo. Betri niliiweka nyuma mimi.