Tazama kitendo kabla ya cheo

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpendwa,



Barua yako nimeisoma na kuirudia. Umesema kazi unayo, mshahara unaingia kwa wakati, lakini kila Jumapili jioni ukiikumbuka Jumatatu moyo unakuwa mzito. Ukaniuliza: “Shangazi, nitajuaje nimeumbiwa nini?” Swali hilo ni kubwa mno, mwanangu, na ukilibeba zima litakulemea. Lipunguze. Jiulize hivi: ni kitendo gani nikishakifanya naondoka na nguvu kuliko nilivyokuja?

Nakwambia hivyo kwa sababu nilikuona. Kesho yake baada ya hitima ya bibi yako, wanawake wa kikoba chetu walikaa uani kugawana fedha za mzunguko. Sanduku likafunguliwa kufuli zote tatu, wenye funguo wakiwapo, lakini hesabu ikagoma: fedha zilikuwa pungufu ya zilizoandikwa. Sauti zikaanza kupanda, mweka hazina mikono inamtetemeka. Wewe ulikuwa hoi kwa shughuli za jana yake. Hata hivyo ulikaa mkekani, ukaomba kitabu cha kila mwanachama, ukahesabu mihuri ya hisa mmoja baada ya mwingine, mpaka ukagundua rejesho la mkopo mmoja limeandikwa mara mbili. Wala hukuishia hapo. Ulimwita mweka hazina ubavuni kwako, ukamchorea safu za hisa, mikopo na mfuko wa jamii, kisha ukamwachia kalamu ajaze mwenyewe mpaka akaweza. Adhana ya alasiri ilikukuta palepale, chai imepoa, na uso wako umenawiri.

Hesabu zile ni ndugu wa hizi unazosema zinakumaliza ofisini. Basi usizilaumu namba. Kinachokuchosha ni namba zisizo na mtu mbele yake, na kinachokuhuisha ni kumwona mtu akielewa mali yake mwenyewe. Hilo ni jambo kubwa kulijua, na ungeweza kupitwa nalo ukiendelea kujiuliza kama uwe mhasibu, mwalimu au mfanyabiashara. Ndani ya kila cheo mna vitendo vingi, vingine vinakujaza na vingine vinakukausha. Anayechagua kwa jina la kazi peke yake hajui amechukua vitendo vipi.

Mimi nilikuwa mkunga, na nilijua mapema kitendo changu. Mama aliyejifungua mara ya kwanza alipotokwa machozi kwa sababu mtoto hashiki titi, nilikaa kitandani pake, nikamwonyesha: subiri mdomo wa mtoto ufunguke wazi, mlete yeye kwenye titi, kidevu kiguse, na weusi unaozunguka chuchu uingie kinywani pamoja na chuchu. Ukisikia anameza, mama mabega yanashuka. Baada ya hapo hata kama zamu ilikuwa ya usiku, nilirudi nyumbani mwili umechoka na roho imeshiba. Uchovu wa namna hiyo unaisha kwa usingizi. Upo mwingine ambao unalala nao na kuamka nao. Nilipopewa usimamizi wa wodi, pamoja na ratiba za zamu na orodha za dawa, nilijitengea muda kila siku wa kurudi vitandani kwa wazazi. Muda huo ndio uliobeba saa nyingine zote.

Sasa fanya hivi. Nunua daftari dogo. Kila usiku kabla ya kulala andika mistari miwili: kitendo kilichokupa nguvu leo, na kitendo kilichokunyonya. Andika kwa uwazi. “Kazini kulikuwa vizuri” haitakusaidia. “Nilimweleza dereva kwa nini makato ya Bodi ya Mikopo yamepanda” itakusaidia. Endelea mwezi mzima, na siku za kufunga hesabu zimo, maana ofisi yako ya tarehe 10 si ile ya tarehe 30.

Utakapolisoma daftari, angalia mambo matatu. Kwanza, usichanganye raha na nguvu. Saa mbili za simu zina raha yake, lakini ukiinuka hapo unakuwa mtupu zaidi. Pili, sifa zinadanganya. Unaweza kusifiwa kila siku kwa kazi unayoimudu vizuri na ambayo inakumaliza. Tatu, tazama ni nani anayefaidika na kitendo chako. Kinachokupa nguvu na kisimfae mtu yeyote ni burudani, nayo ina mahali pake. Maana ya maisha hutafutwa pale nguvu zako zinapokutana na haja ya mwenzio.

Na kama mwezi ukiisha usione hata kitendo kimoja kilichokupa nguvu, hata vile ulivyovipenda zamani, hiyo si habari ya kazi tena. Nenda kamwone daktari. Moyo nao huugua, na hutibiwa.

Kipenda roho hula nyama mbichi, lakini ada ya wadogo zako inakutegemea, kwa hiyo usiandike barua ya kuacha kazi. Waliotutangulia walipita njia tofauti. Mwimbaji Siti binti Saad wa Fumba alikuwa mfinyanzi, akivinadi vyungu vyake kwa sauti. Sauti ile ndiyo iliyomtoa kwenye vyungu, akahamia mjini Unguja, na mwaka 1928 akarekodi santuri Bombay. Mwandishi Shaaban Robert wa hapa kwetu, aliyeandika wasifu wa Siti, alipita njia nyingine. Alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, akabaki katika kazi za serikali kwa zaidi ya miaka 30, na katika miaka hiyohiyo akatupa Kusadikika na mashairi yasiyohesabika. Yule aliacha, huyu hakuacha, na wote wawili waliitumikia karama yao. Kwa hiyo kuacha au kubaki si jambo la kwanza. La kwanza ni kukitambua kitendo chako na kukipa nafasi katika wiki yako.

Wewe ianze nafasi hiyo Jumamosi. Vikoba vimejaa huko Dar es Salaam, na vingi vinavunjika kwa sababu ya daftari ovyo. Tafuta kimoja jirani na unapokaa, uwafundishe kutunza vitabu. Ofisini nako mwombe mkuu wako akuachie kuwaelekeza waajiriwa wapya. Ukiona kazi inakua, na watu wako radhi kulipia, hapo ndipo tutakaa na baba yako tuzungumze mambo ya kuhama.

Mwezi ukiisha njoo na daftari lako tulisome pamoja. Mwenyezi Mungu akupe kazi yenye manufaa kwa waja wake, na afya ya kuifanya.

Wasalaam,
Shangazi yako