Sekenke: Konokono wa kale na somo la maji ya leo

UKITOKA Singida kwenda Nzega, ukishapita Misigiri barabara inaanza kuteremka Mlima Sekenke kwa kona kali. Madereva wa malori hushusha gia na abiria wanaoujua mlima hunyamaza. Chini, upande wa Shelui, inaonekana mbuga ya Wembere, tambarare mpaka macho yachoke.

Wengi huijua Sekenke kwa dhahabu iliyochimbwa tangu enzi za Wajerumani. Lakini tambarare ile nayo ina hazina. Magharibi zaidi, katika bonde la Manonga, watafiti wakiongozwa na Terry Harrison wa Chuo Kikuu cha New York wamekusanya mabaki ya viboko, mamba, samaki na konokono walioishi zaidi ya miaka milioni nne iliyopita.

Je, bahari ilifika huku? Hapana. Konokono wale ni wa maji baridi, na hiyo ni alama ya ziwa la kale. Gamba likigeuka jiwe hubaki shahidi wa maji yaliyokwisha kukauka.

Maji hayatulii mahali pamoja. Miaka 20,000 hivi iliyopita, zama za barafu, bahari ilishuka kama mita 120 na Unguja ikaungana na bara. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda. Huku bara mvua zikaongezeka na maziwa mengi yakajaa kuliko leo. Sasa maji ya Wembere hupita Ziwa Kitangiri na Mto Sibiti hadi Eyasi, ziwa la chumvi lisilo na mto wa kutokea.

Mzazi, konokono hajabaki kwenye mawe tu. Baadhi ya konokono wa maji baridi, kwenye madimbwi, mifereji na majaruba ya mpunga, hubeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtoto anayeoga au kucheza majini. Mtoto akikojoa damu, au akiumwa tumbo na kupata choo chenye damu, mpeleke kituo cha afya; dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.

Tujisaidie chooni, si majini, maana mayai ya kichocho hutoka kwenye mkojo na kinyesi. Anayelima mpunga avae buti za mpira. Watoto waoge maji ya bomba au kisima, si ya dimbwi.