Pinde za Masoja

Miaka ya tisini, jua likitua, masoja wa Kawangware walishika Barabara ya Gitanga kwenda kulinda majumba ya Lavington. Kila mmoja na tochi yake na thamosi ya chai, na Wakamba wengi walikuwa na upinde na podo begani. Hakuna aliyegeuka kuwatazama.

Upinde wa mjomba wangu, mmoja wao, ulitoka Kitui. Ulichongwa kwa mti wa mulawa, ukapakwa mafuta hadi ukawa mweusi. Ugwe wake ulikuwa wa kano za ng'ombe, na hapo ndipo penye taabu: Julai, manyunyu ya Nairobi yakianza, kano zilinyonya unyevu zikalegea, na mshale ukatoka goigoi. Mjomba aliuanika juu ya jiko kabla ya zamu. Asubuhi aliufungua ugwe, maana mti ukishinda umepindwa huzoea kupinda. Baadaye alifunga uzi wa nailoni. Huo haukujali mvua, lakini alinung'unika kwamba unavutika kama lastiki.

Kibera nako, Laini Saba, mahali ambapo zamani askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni, walijifunzia shabaha, mzee mmoja Mgiriama alikuwa na upinde wa Wawaata, wawindaji wa ndovu wa Tsavo. Pinde zao zilipopimwa, nyingine zilidai zaidi ya ratili 100 kuvutwa, nguvu ya pinde za vita za Waingereza wa kale. Mimi sikuufikisha hata nusu. Mzee aliingiza mgongo na mabega, na mshale wake mzito, wenye kigumba cha msumari uliofuliwa, ukazama kwenye gunia la mchanga hadi manyoyani.

Wa mjomba haukuweza hayo. Ila ulivutika upesi, na katika kichochoro cha mabati ule wa ndovu usingegeuka. Kwa mwizi anayeruka ua ningechagua wa Kitui; kwa fahari, ule mwingine.

Mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, runinga zikaonyesha vijana wa Bonde la Ufa wakipigana kwa mishale. Tangu hapo makanga hawakumruhusu mjomba kupanda matatu na upinde. Tajiri wake naye akaweka ua wa stima na kitufe cha kengele, mjomba akapewa sare na rungu.

Sasa upinde uko Kitui kwa binamu yangu, anafukuzia nyani shambani. Ameurudishia ugwe wa kano. Kule ni kukavu.