Chai Isiyo na Majani

Mama mwenzangu, mimi nimeolewa Maji ya Chai. Ukitoka Arusha mjini kuelekea Moshi utapita Tengeru, kisha Usa River, ndipo ufike kwetu, chini ya Mlima Meru. Wenyeji husema jina hilo limetokana na mto wetu, ambao maji yake yana rangi kama chai nyepesi. Nilipoletwa hapa bi harusi kutoka Tanga nililicheka sana jina hilo. Sikujua kwamba maji hayohayo yangekuja kuniliza.

Binti yangu wa kwanza alipoanza kuota meno ya ukubwani, yalitoka na madoa ya kahawia. Nilidhani ni uvivu wa kupiga mswaki. Nilimgombeza kila asubuhi, na siku moja, Mungu anisamehe, nilimshika kidevu nikamsugua kwa unga wa mkaa mpaka fizi zikatoka damu. Madoa hayakutoka. Mtoto akajifunza kucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, na hata katika picha ya shule amekaza midomo kama mtu aliyekatazwa kusema.

Alipokuwa na miaka 11 nilimpeleka kwa daktari wa meno. Wakati huo nilikuwa na mimba ya mdogo wake. Daktari alimtazama kidogo tu, akaniuliza tunakaa wapi. Nilipomjibu, akatikisa kichwa. "Mama, usimpige mtoto. Haya si uchafu. Ni maji."

Akanieleza kwamba mlima wetu ni wa volkano, na maji yanayopita katika miamba yake huchukua madini ya floraidi. Kidogo yanafaa meno. Yakizidi, jino huharibika likingali ndani ya ufizi, tangu utotoni, wala mswaki hauliwezi. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji, na maji mengi ya upande wetu yanapita hapo mara nyingi. Yakizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa hupinda.

"Lakini mimi nachemsha maji, daktari," nikajitetea. Kumbe kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floraidi haiendi na mvuke. Maji yakipungua, yenyewe inabaki sufuriani na kuzidi ukali. Kisha akaniuliza mtoto anakunywa nini. Nikamwambia chai ya rangi, asubuhi na jioni, na wakati wa joto hata mchana ikiwa imepoa. Akasema mmea wa chai nao hukusanya floraidi kutoka ardhini na kuiweka katika majani, hasa yaliyokomaa. Magadi tunayotia katika makande vilevile yanayo. Nilirudi nyumbani nimenyamaza kwenye daladala nzima.

Tulianza na maji. Mume wangu aliuza mbuzi wawili, tukaweka mifereji kwenye bati na simtanki, maana maji ya mvua hayajapita kwenye miamba. Mvua ya kwanza tunaiacha ioshe vumbi la bati, inayofuata tunaikinga. Maji hayo ni ya kunywa na kupikia tu. Kufua na kuoga tunatumia ya bomba. (Wapo wanaochuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, utaalamu uliofanyiwa kazi hapa jirani, Ngurdoto. Unafaa, ila mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe.)

Kazi kubwa ilikuwa chai. Mwezi wa kwanza na wa pili jua letu si mchezo, vumbi limejaa kooni, na mtoto akitoka shule anataka kitu kitamu. Ndipo nikakumbuka ukwaju wa kwetu Tanga.

Nachemsha lita tatu za maji ya mvua pamoja na mabua matano ya mchaichai yaliyofungwa fundo na tangawizi iliyopondwa, ukubwa wa kidole gumba. Yakitokota dakika kumi naepua na kufunika. Ukwaju, kama viganja viwili, nauloweka katika kikombe cha maji hayo ya moto, kisha naufikicha kwa mkono na kuchuja. Usiuweke kwenye sufuria ya aluminiamu, kwani uchachu wake unaila. Tumia bakuli la udongo au la plastiki. Pesheni sita nazikamua mwishoni kabisa, maji yakiwa yamepoa, la sivyo ile harufu yake nzuri inapotea. Sukari vijiko vinne vinatosha, na watoto wanakunywa wakati wa chakula, si kutwa nzima, kwa sababu uchachu na sukari navyo havipendi meno. Sina friji. Nazivika chupa kitambaa kibichi, nazisimamisha ndani ya beseni la maji pale upepo unapopita. Hupoa vizuri, na humalizika siku hiyohiyo.

Niliwahi kusoma kwamba mwaka 2002 watafiti wa India walitoa taarifa ya wavulana waliopewa ukwaju, wakaonekana kutoa floraidi zaidi katika mkojo. Nilifurahi, lakini siuiti dawa. Kwangu dawa ilikuwa simtanki.

Mama mkwe hakupendezwa. "Mwanangu, mgeni hapewi maji ya matunda kama mgonjwa. Mgeni hupewa chai." Sikubishana naye, wageni wake niliwapikia chai yao. Kiangazi kilichofuata, siku moja ametoka shambani, alikaa kibarazani akajipepea kwa khanga. "Ile chai yako isiyo na majani," akasema, "imebaki?" Alikunywa bilauri tatu.

Binti yangu sasa ana miaka 18. Nimemwomba radhi kwa ule mkaa. Alisema alishasahau, lakini mkono wake bado hupanda mdomoni akicheka.

Mdogo wake ametimiza saba. Juzi alikuja mbio kuonyesha jino la mbele lililochomoza. Dada yake ndiye aliyemwinua kidevu, taratibu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akalitazama kwa muda mrefu.

"Mama, ni jeupe," akasema, na akaenda kumchukulia mdogo wake kinywaji kwenye beseni.