Juma Moja la Kulinda Paka huko Bukavu

Ziko kazi ambazo mtu aliyesoma huona haya kuzitaja, na kulinda paka ni moja kati ya hizo. Walakini, katika likizo kubwa ya mwaka 2018, mwezi wa Agosti, sisi tulilinda paka juma zima, na fundisho tulilolipata hatukuwa tumelipata katika miaka yote ya kusimama mbele ya ubao. Ndiyo maana twasimulia mambo hayo hapa bila kuficha aibu yetu.

Sisi tulikuwa wakaaji wa Uvira, mji ulio kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika. Mama mkubwa wetu, mjane, alikuwa na lupango lake mtaani Nguba, mjini Bukavu. Alituita tumlindie nyumba, kwa maana binti yake huko Goma alikuwa amejifungua, naye alitaka kumwona mjukuu. Basi tulifunga safari pamoja na mama wa watoto wetu na watoto wawili. Njia hupita katika bonde la Ruzizi hadi Kamanyola, kisha hupanda mlima wa Ngomo kwa kona nyingi, gari likinguruma na abiria wakinyamaza. Mto Ruzizi hutoka ziwa Kivu kule Bukavu na kuteremka hadi Tanganyika; kwa hiyo sisi tulikuwa tunapanda kinyume cha maji, karibu meta 700 toka ziwa hata ziwa. Jasho la Uvira liliisha kabla ya Nyangezi, na mjini Bukavu watoto waliomba masweta.

Bukavu ni mji wenye sura nzuri. Nchi kavu imenyosha ndani ya maji rasi tano, kama vidole vya mkono uliotiwa ziwani, na nyumba zimepanda juu ya vilima mpaka huwezi kujua moja inakoishia na nyingine inakoanzia. Usiku twaliona taa za wavuvi wa sambaza zikielea juu ya maji, kila chombo kikiwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Sambaza hao ni jamaa zetu, kwa kusema hivyo: samaki hao wadogo walitolewa Tanganyika na kutiwa katika Kivu karibu na mwaka 1959. Tuliwacheka watoto wetu walipouliza kama wao nao walipanda Ngomo kwa gari.

Siku ya Jumatatu, kabla ya kushuka bandarini kupanda meli, mama mkubwa alituonyesha mlango, ufunguo, gunia la makala, na mwisho yule paka. Alikuwa mweusi, mnene kidogo, na jina lake Zamu, kama vile watu wa Kivu wanavyomwita mlinzi wa usiku.

“Mwanangu,” akatuambia, “mwaka juzi panya waliingia katika gunia la maharagwe nilimoficha dolari za masomo ya mtoto huyu. Walizitafuna pembeni. Wewe wajua, dolari iliyopasuka hata kidogo, hakuna anayeipokea. Tangu Zamu afike, mtoto anasoma. Basi umpe sambaza asubuhi na jioni, asilale nje, wala asipigwe.”

Mtoto aliyetajwa alikuwa mjukuu wake, yatima wa miaka kumi, mtulivu, mwenye macho ya kuangalia chini. Kwa ukoo alikuwa mwana wa ndugu yetu, naye alituita baba mdogo.

Tulipokea amana hiyo kwa moyo mwepesi. Je, paka ni kitu gani? Kwa miaka mingi tumewafundisha wanafunzi kwamba mababu wa paka walikuwa paka-mwitu wa Afrika na wa nchi za Mashariki ya Karibu; kwamba watu walipoanza kuweka nafaka ghalani panya walifuata nafaka, na paka wakafuata panya; kwamba huko kisiwani Kupro ilifukuliwa maiti ya paka iliyozikwa kando ya mtu miaka kama 9,500 iliyopita. Yote hayo twaliyajua. Siku ile Zamu alikataa chakula, akajificha nyuma ya magunia. Tukasema, “Anamlilia mwenyewe,” tukaenda kulala.

Jumanne tuliamshwa na baridi ya miguu. Jioni tulikuwa tumefungua robine ya jikoni tukakuta maji yamekatika, nasi, kama wageni wasiozoea, hatukuifunga tena. Saa tisa za usiku maji yalirudi. Kulipokucha, jiko lilikuwa ziwa la tatu baada ya Tanganyika na Kivu, viatu vya watoto vilikuwa vyaelea kama mitumbwi, na gunia la makala lilikuwa limelowa hata nusu yake. Jirani mmoja, mzee wa heshima, alitazama juu ya ua akasema kwa upole, “Mwalimu, hapa kwetu robine hufungwa hasa pale isipotoa maji.” Tulimshukuru, tukaendelea kukamua matambara.

Mchana ule, tukila, mama wa watoto alisema kwamba paka yule amenenepa mno. Nasi tukajibu kwa mzaha, “Asije akatuletea wengine. Paka mmoja yatosha katika nyumba. Wakizidi, hutiwa katika gunia na kupelekwa ziwani.” Watoto wetu walicheka. Yule mjukuu hakucheka. Lakini nani anaangalia uso wa mtoto asiyesema?

Jumatano umeme ulikosekana, na usiku ulikuwa wa baridi. Makala yale yenye maji yalitoa moshi mwingi uani. Hatimaye yalipowaka vizuri, bila moshi tena, tuliingiza babula chumbani ili watoto wapate joto, tukafunga mlango na madirisha. Baada ya muda mdogo binti yetu alilalamika kichwa, na mama yake akaona kizunguzungu. Yule mzee jirani, aliyekuja kutuletea mshumaa, alisukuma mlango akafungua madirisha yote, akaitoa babula nje bila kuomba ruhusa. Wazazi mnaosoma, shikeni neno hili: makala yanayowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Moshi ukikoma, usidhani hatari imekoma. Babula haina mahali ndani ya chumba cha kulala.

Alhamisi asubuhi tulikuta sahani ya sambaza wakavu, tuliyoiweka juu ya kabati, ni tupu. Zamu naye hakuonekana. Tuliwapanga watoto watatu mbele yetu kama darasani tukauliza, “Nani amekula sambaza?” Wawili wetu waliapa. Yule mjukuu alisema tu, “Mimi sikula, baba mdogo.” Lakini mikono yake ilinuka samaki. Tukamwita mwongo na mwizi mbele ya wenzake, tukamnyima chakula cha jioni. Hakulia. Alikwenda kulala mapema, nasi tukajiona tumefanya kazi ya mlezi.

Ijumaa tulimtafuta paka toka nyumba hata nyumba, tukishuka na kupanda ngazi za udongo za Nguba. Mtu mmoja alituambia kwamba paka mweusi anayetembea usiku si paka, ni wachawi wanaotembea naye, na ya kuwa heri amepotea. Mwingine alisema labda ameliwa na mbwa. Mtoto alitufuata kimya. Jioni simu ililia. Ilikuwa mama mkubwa toka Goma.

“Mwanangu, nyumba haijambo?”

“Haijambo, mama mkubwa.”

“Na Zamu?”

Tulitazama ukuta, tukasema, “Hajambo. Amekula vizuri.”

Tulipoweka simu tulimwona mtoto amesimama mlangoni. Hakusema neno. Sisi tuliomwadhibu jana kwa ajili ya uongo tulikuwa tumesema uongo mbele yake, tena kwa mtu aliyetuamini. Chakula cha jioni hakikupita kooni.

Usiku ule hatukupata usingizi. Yapata saa sita tukasikia nyayo ndogo. Tulichukua tochi, tukafuata polepole mpaka chumba cha akiba, na tazama, mtoto alikuwa juu ya ngazi, kichwa chake kimeingia katika tundu la dari. Mkononi alishika kibakuli, na ndani yake sambaza wale tuliompimia yeye jioni pamoja na bugali. Alikuwa amekula bugali kavu.

Tulipanda baada yake. Pale juu, katika gunia kuukuu, alilala Zamu na watoto watatu, macho yao yangali yamefumba, wakinyonya. Alikuwa amezaa usiku wa Jumatano. Sisi, tuliofundisha somo la wanyama miaka hiyo yote, tuliojua kwamba paka huchukua mimba siku zipatazo 63 na kwamba akikaribia kuzaa hutafuta mahali pa giza, tulikuwa tumeutazama unene wake siku tatu bila kuuona.

“Baba mdogo,” mtoto alisema, akitetemeka, “mimi ndimi niliyechukua. Lakini sikula. Ulisema wakizidi watatiwa katika gunia.”

Wasomaji, tufikirini jambo hili. Tulikuwa tumeuliza nani amekula, naye akajibu kwamba hakula. Jibu lake lilikuwa kweli. Swali letu ndilo lililokuwa baya, maana liliulizwa na mtu aliyekwisha kutoa hukumu. Tena hofu iliyomfunga kinywa tuliipanda sisi wenyewe kwa mzaha wa mezani. Mtu mkubwa husema neno la kuchekesha akalisahau. Mtoto asiye na baba hulichukua kitandani, akalifanya sheria.

Tulimshusha toka ngazini, tukampasha moto chakula. Lakini kosa lililotendwa mbele ya watu halitengenezwi sirini. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, watu wote wa nyumba wakiwa wameketi, tulisimama tukamwambia, “Mwanangu, tulikuita mwizi, nawe hukuwa mwizi. Tulikuita mwongo, nasi ndio tuliosema uongo katika simu. Utusamehe.” Watoto wetu walishangaa, kwa sababu hawajapata kumsikia baba akiomba msamaha kwa mtoto. Wengine watasema kwamba kufanya hivyo kwapunguza heshima ya mzazi. Sisi tumeona kinyume. Tangu saa ile mtoto yule alianza kututazama usoni.

Siku hiyo tuliongeza chakula cha Zamu, maana paka anayenyonyesha huhitaji chakula kingi kuliko kawaida, tukaweka maji safi karibu naye, wala hatukuwahamisha watoto. Binti yetu alipotaka kuwashika alipata mkwaruzo mkononi. Tuliuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kama ipasavyo kila mtu anapoumwa au kukwaruzwa na mnyama, maana kichaa cha mbwa chaweza kuchukuliwa na paka pia. Tulipouliza, majirani walituhakikishia kwamba Zamu alichanjwa. Hata hivyo tulimpeleka mtoto kwa mganga, tusiongeze uzembe mwingine juu ya ule wa juma zima.

Jumapili mama mkubwa alirudi na meli. Tulimweleza yote kwa utaratibu: robine, makala, babula, sambaza, simu. Alisikiliza hata mwisho, akapanda ngazi mwenyewe pamoja na umri wake, akakaa huko juu kitambo. Aliposhuka alisema, “Nilikuachia mmoja, wanirudishia wanne. Lakini simu nyingine, mwanangu, uniambie kweli. Paka akipotea, moyo wangu waweza kuvumilia. Nikiisha kujua kwamba ‘hajambo’ yako si kweli, nitamwachia nani nyumba?” Kisha akamwita mjukuu, akampa kalamu mpya aliyomnunulia Goma, akasema, “Mlinzi wa kweli ni huyu.”

Tuliteremka Ngomo siku ya pili yake, na joto la bonde likatupokea. Kwa likizo ya Noeli mtoto alikuja Uvira kututembelea, amebeba kikapu magotini njia nzima. Ndani yake alikuwa mmoja wa wale watatu, mweusi kama mama yake. Tulimwuliza jina lake.

“Bado, baba mdogo,” alijibu. “Nilingoja nikuulize.”

Tukamwambia amtaje yeye, kwa sababu ndiye aliyemlisha.