Sauti Haistaafu

Hapa Mwingi, ukisema kazi yako ni kufundisha watoto kuimba, swali linalofuata ni moja tu: "Kwani wewe mwenyewe kuimba kulikushinda?" Hata shangazi yangu huniuliza. Watu wanaona ualimu ni ghala la sauti zilizochakaa.

Mimi huwajibu kwa Bi Kidude. Jina lake Fatuma binti Baraka, wa Zanzibar. Wengi wetu tunamjua kwa taarab, sigara na ile sauti yake ya kukwaruza. Mwaka wa 2005 alipewa tuzo ya WOMEX akiwa bikizee kabisa. Lakini kwa wanawake wa Unguja alikuwa pia kungwi. Alipiga msondo, akawafunda wari kwa nyimbo za unyago: mwili, ndoa, unyumba. Wanaume kando! Yeye naye alikuwa ameokota nyimbo kwa kumsikiliza Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka wa 1928. Kufunda na kuimba jukwaani vilikwenda pamoja. Hakungoja kimoja kiishe ndipo aanze kingine. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013.

Ujerumani nako kulikuwa na Lilli Lehmann. Alifundishwa na mama yake, aliyekuwa mwimbaji pia. Mwaka wa 1876 aliimba Bayreuth, opera nne za Wagner za "Ring" zilipochezwa zote kwa mara ya kwanza. Baadaye akawa mwalimu anayeogopwa na kutafutwa, na mwaka wa 1902 akachapisha kitabu kuhusu pumzi, ulimi na koo. Lehmann aliacha kitabu. Bi Kidude aliacha watu.

Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Susu wangu aliimba kilumi, na hakuna aliyeandika hata wimbo wake mmoja. Ninazo chache tu kichwani. Nilipoanza kuwafundisha watoto wa Jumamosi, mzazi mmoja alimtoa mwanawe, ati hizo ni ngoma za mashetani. Sikubishana naye. Anachoogopa ni mapepo. Ninachoogopa mimi ni kimya.

Wamebaki saba. Wana daftari, lakini kwanza nawaambia waziweke chini wasikilize. Wimbo ukishaingia mwilini, ndipo tunauandika.