Mayai yanayongoja mvua Garissa

UKITAKA kuujua mto Tana, usitosheke na ramani ya darasani. Panda basi mtaani Eastleigh alfajiri, upite Thika, Matuu na Mwingi, na baada ya kilomita zipatazo 370 utavuka daraja na kujikuta Garissa. Jua la huko halimbembelezi mtu. Nilishuka saa saba mchana, koo limenikauka, nikakimbilia kivuli cha mwarobaini ambako wazee walikuwa wakinywa chai ya maziwa ya ngamia.

Nilikaribishwa kikombe. Mbele yetu vumbi lilikuwa likipeperuka, mbuzi wakitafuna maboksi. Nikawauliza wenyeji wangu kama kweli mahali pakavu namna hii panaweza kufurika. Walicheka. Mzee mmoja mwenye ndevu za hina akanionyesha alama ya matope ukutani, juu ya kiuno changu.

“Mwanangu,” akaniambia, “zamani mvua ilikuwa mgeni wa kuombwa. Siku hizi hukawia miaka, na ikija huvunja mlango.”

Maneno ya mzee huyo si hadithi tu. Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kuleta mvua ya kutosha. Ng’ombe walikufa, maziwa yakakosekana, watoto wakadhoofika kwa utapiamlo. Kabla watu hawajapata nafuu, kipindupindu kikazuka nchini Oktoba 2022 na kufika hata Garissa na Tana River. Kisha mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya El Nino. Wanasayansi wanasema joto la dunia liliuzidisha ukali wa ukame ule, na likaiongezea nguvu mvua iliyoufuata.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Garissa huweza kufurika bila tone kuanguka mjini. Maji ya Tana hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, huko huko yanakotoka maji ya bwawa la Ndakaini tunayokunywa Nairobi. Mabwawa ya Masinga, Kiambere na mengineyo yakijaa, ziada huteremka hadi kwa wenyeji hawa.

Lakini kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa macho. Katika mabonde madogo ya nyika, mbu wa aina ya Aedes hutaga mayai yao kwenye udongo wenye unyevu. Maji yakikauka, mayai hayafi. Hukaa mavumbini miaka mingi yakingoja. Mafuriko yakifika, huanguliwa kwa wingi, na baadhi ya mbu hao huzaliwa tayari wakiwa na virusi vya Homa ya Bonde la Ufa. Joto likizidi, mbu hukua haraka na virusi huzaana upesi ndani yao.

Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka wa 1931 katika shamba moja karibu na ziwa Naivasha. Dalili yake ya kwanza ni kondoo, mbuzi na ng’ombe kutupa mimba kwa wingi. Binadamu huambukizwa na mbu, au anapogusa damu, nyama mbichi au kijusi cha mnyama mgonjwa. Wengi hupata homa na maumivu ya mwili, kisha wakapona. Wachache hutokwa damu, hupofuka au hufa. Mvua ya El Nino ya 1997 na 1998 ilipopiga, ilikadiriwa kwamba watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa pekee.

Sasa hebu fikiria, msomaji, kazi ya muuguzi wa zahanati ya nyikani wakati huo. Wagonjwa wanaongezeka siku ile ile barabara inapokatika. Dawa hazifiki. Sampuli ya damu inayotakiwa kupimwa Nairobi haina gari la kuibeba. Novemba 2023 maji yalikata barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa. Hospitali kubwa iko ng’ambo ya mashariki, na Madogo ni ng’ambo ya magharibi. Safari ya dakika chache kwa matatu ikawa safari ya boti, kwa mama mjamzito na kwa mgonjwa wa homa vilevile. Aprili 2024 njia ilikatika tena, na boti moja ikazama karibu na Madogo. Watu wakafa.

Je, hakuna la kufanya? Lipo. Mwaka wa 2006 wanasayansi waliotumia setilaiti walitoa onyo kwamba mvua inayokuja ingeleta homa hii, wiki kadhaa kabla haijazuka mwezi wa Desemba. Onyo lilikuwapo, lakini chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007, wakati watu walikuwa wamekwisha kufa. Isitoshe, kuchanja katikati ya mlipuko ni hatari, kwa maana sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi huweza kueneza virusi. Mifugo huchanjwa mapema, na dawa, boti na vyandarua hupelekwa zahanatini barabara ingali kavu. Kwa ufupi, dawa ya mafuriko hununuliwa wakati wa vumbi.

Usidhani kwamba hili ni la watu wa mbali. Mbuzi wa soko la Garissa huishia katika nyama choma ya Nairobi. Mapema 2007 soko hilo lilikuwa limefungwa, na familia nyingi za mjini ziliogopa nyama na kukimbilia kuku na samaki. Nyama ipikwe mpaka iive, maziwa yachemshwe, na inunuliwe nyama yenye muhuri wa mkaguzi.

Jioni nilivuka daraja kurudi. Tana ulikuwa chini, wa rangi ya chai ya maziwa, umetulia kabisa. Kandokando yake watoto walikuwa wakicheza mpira mavumbini, vumbi lile lile linalohifadhi mayai.